TANGAZO UBAONI: Jinsi Kijiji cha Uingereza Kinavyotunza Mambo Yake

Msafiri apitaye katika vijiji vya Uingereza, huko kwenye mashamba ya ngano na malisho ya kondoo, huona jambo moja karibu kila mahali. Kando ya njia, karibu na lango la kanisa au mbele ya duka, pamesimama ubao wa matangazo wenye kioo usoni na kufuli ndogo ubavuni. Ndani yake zimebandikwa karatasi. Moja yatangaza uuzaji wa keki kwa ajili ya shule. Nyingine yasema mbwa mweusi amepotea. Ya tatu yaeleza siku ambazo basi halitapita. Lakini katikati ipo karatasi isiyo na picha wala rangi. Yataja siku, saa na mahali, kisha yafuata orodha ya mambo yenye nambari, na chini kabisa ni sahihi ya karani.

Wapita njia wengi hawaisomi. Hata hivyo karatasi hiyo ndiyo msingi wa utawala wa kijiji. Halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kukutana pasipo kuibandika, wala haiwezi kukata shauri halali juu ya jambo ambalo wajumbe hawakuarifiwa mbele. Somo hili laeleza desturi hiyo ilitoka wapi, ina nguvu gani, na ni hasara gani huwapata watu wasioijali.

PARISHI NI NINI?

Neno "parishi" lilikuwa kwanza neno la kanisa, maana yake eneo lenye kanisa lake na kasisi wake. Lakini zamani Serikali ya Uingereza haikuwa na watumishi wengi mashambani, kwa hiyo iliitwika parishi kazi nyingi zisizokuwa za ibada. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parishi iwe na daftari la waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Mwaka 1555 sheria iliwaagiza wenyeji kutengeneza barabara zao siku 4 kila mwaka bila mshahara. Mwaka 1601 sheria nyingine iliagiza kila parishi itoze kodi kwa ajili ya kuwatunza maskini wake.

Hapo ndipo ulipoanza ugomvi, maana mahali penye kodi pana swali: ni nani wa kukata shauri? Wenyeji walikutana katika chumba cha kanisa ambamo kasisi huvalia majoho yake. Katika parishi nyingine waliitwa wote waliolipa kodi. Katika nyingine watu wachache wenye mali walijifungia ndani, wakachaguana wao kwa wao, na majirani zao wakapata habari siku ile walipodaiwa fedha.

SIKU TATU

Mwaka 1818 Bunge lilipitisha sheria juu ya mikutano hiyo, nayo ilikuwa na pande mbili, mmoja wa haki na mmoja wa upendeleo.

Upande wa haki ulisema hivi: mkutano usifanywe ila baada ya tangazo la siku 3, lisomwe kanisani siku ya Jumapili, tena libandikwe mlangoni mwa kanisa. Upande wa upendeleo ulipima kura kwa mali. Mtu ambaye mali yake ilikadiriwa chini ya pauni 50 alikuwa na kura 1. Aliyefika pauni 50 au kuzidi alipewa kura 1 kwa kila pauni 25, mpaka kufikia kura 6. Basi mwenye shamba kubwa aliweza kuwashinda majirani watano kwa kuinua mkono wake mmoja.

Mwaka 1837 Bunge liliondoa desturi ya kusoma matangazo ya namna hiyo wakati wa ibada, likaagiza yabandikwe milangoni mwa makanisa. Badiliko hili laonekana dogo, lakini lilikuwa na faida. Neno lisomwalo kwa sauti hupita kama upepo. Lililoandikwa hukaa, na mtu aweza kulirudia mara ya pili, akamwonyesha jirani yake, na jirani akamsomea mwingine asiyejua kusoma.

SAA 12 JIONI

Ijapokuwa tangazo lilibandikwa, vibarua wa mashamba waliendelea kuwa watu wasiosikizwa. Mshahara wao ulikuwa mdogo, na wengi wao walikaa katika nyumba za mwajiri, hata aliyefukuzwa kazi alikuwa hatarini kupoteza na nyumba. Mtu wa namna hiyo alifikiri mara mbili kabla ya kumpinga bwana wake mbele ya watu.

Usiku wa tarehe 7 Februari 1872, Joseph Arch, aliyekuwa kibarua hodari wa kukata nyua na mhubiri wa Kimethodisti, alisema na mamia ya vibarua chini ya mti mkubwa huko Wellesbourne, katika jimbo la Warwickshire. Kulikuwa na giza, na taa zilitundikwa juu ya miti ya kupandishia maharagwe. Mwaka huo huo vibarua wakaunda chama chao cha nchi nzima, na Arch akawa kiongozi wao. Mwaka 1884 wanaume wengi wa mashambani walipewa kura ya kuchagua wajumbe wa Bunge, na mwaka uliofuata Arch mwenyewe akaingia Bungeni.

Ndipo ikatungwa sheria ya mwaka 1894, ambayo ilitenga mambo ya kanisa na mambo ya kijiji. Tangu hapo parishi ya kiserikali ilikuwa na Mkutano wa Parishi, yaani mkutano wa wapiga kura wote, na vijiji vyenye watu wa kutosha vilipata pia Halmashauri ya Parishi yenye wajumbe waliochaguliwa. Mambo matatu katika sheria hiyo yastahili kukumbukwa.

Kwanza, kila mpiga kura alikuwa na kura 1 tu katika mkutano, awe tajiri au kibarua. Pili, wanawake wenye sifa zilizotakiwa, hata walioolewa, waliweza kupiga kura na kuchaguliwa kuwa wajumbe. Na hayo yalikuwa miaka 24 kabla ya wanawake wa kwanza kupewa kura ya Bunge mwaka 1918. Tatu, Mkutano wa Parishi haukuruhusiwa kuanza kabla ya saa 12 jioni.

Amri hii ya tatu ndiyo yaonyesha busara ya walioitunga. Mkutano ukifanywa saa 4 asubuhi, mwenye mali aweza kuja kwa farasi wake, lakini kibarua yumo shambani na jembe. Haki ya kuhudhuria haina maana ikiwa saa ya mkutano yamzuia mtu. Amri hiyo ingali katika sheria ya mwaka 1972 inayotawala halmashauri hizi leo. Vile vile mkutano haufanywi mahali panapouzwa pombe, ila kama hapana chumba kingine kifaacho kwa bei ya kadiri.

Matunda ya sheria yalionekana upesi katika sehemu nyingine. Huko Penshurst, katika jimbo la Kent, Jane Escombe, mwanamke aliyekuwa katika Halmashauri ya Parishi, alishika shauri la nyumba za vibarua, kwa kuwa zilikuwa chache na mbovu. Halmashauri ya kijiji haikuwa na mamlaka ya kujenga yenyewe, kwa hiyo ilipasa kuandika barua, kupeleka hesabu, na kuzisukuma halmashauri kubwa zilizo juu yake. Kazi hiyo ilichukua miaka kadhaa. Mwaka 1900 nyumba zilikamilika, nazo zimesimama hata leo.

KAZI NA FEDHA

Katika Uingereza ya leo kuna halmashauri za parishi na za miji midogo kadiri ya 10,000. Kila moja ina wajumbe wasiopungua 5, na kwa kawaida uchaguzi hufanywa kila baada ya miaka 4. Wajumbe walio wengi hawapati mshahara. Karani ndiye mtumishi alipwaye, ambaye huandika barua, hutunza hesabu na kubandika matangazo.

Shule na barabara kuu si kazi ya halmashauri hizi. Hizo ni za halmashauri kubwa. Kazi ya parishi ni mambo yaliyo karibu na mlango wa mtu: viwanja vya michezo, taa za njiani, mabanda ya kungojea basi, njia za miguu, makaburi, viti vya wazee kupumzikia, na nyumba ya mikutano. Pia kuna vishamba vya kukodi kwa watu wasio na ardhi ya kulima mboga. Kishamba kimoja cha kadiri ya zamani ni kama mita za mraba 250. Kwa sheria ya mwaka 1908, wapiga kura au walipa kodi 6 wakiandika kwamba vishamba vyahitajiwa, halmashauri haina budi kulifikiria ombi lao.

Fedha za kazi hizo hutoka kwa wenyeji. Kila mwaka halmashauri ya parishi hukadiria mahitaji yake, kisha huiarifu halmashauri kubwa, nayo hukusanya fedha hizo pamoja na kodi yake ya nyumba. Mlipaji akiangalia hati yake ya kodi, ataona sehemu ya parishi imeandikwa peke yake.

Hesabu zenyewe nazo hazifichwi. Kila mwaka daftari na hati za malipo hufunguliwa kwa siku 30 za kazi, ambazo ni lazima zichukue siku 10 za kwanza za kazi katika mwezi wa Julai. Mpiga kura aweza kuzikagua, kumwuliza swali mkaguzi wa hesabu atokaye nje, na hata kulalamika kwake juu ya jambo lisilo halali. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lisilofunguliwa na mtu ni sawa na kutokuwa na daftari.

MFANO WA MKUTANO

Ili somo lieleweke vema, msomaji na afikirie kijiji chenye nyumba 400. Paa la nyumba ya mikutano lavuja, na fundi mmoja ametaka pauni 20,000. Kwa hesabu nyepesi, ni pauni 50 kwa kila nyumba. Mkutano umewekwa siku ya Ijumaa usiku.

Sheria yataka siku 3 kamili kati ya tangazo na mkutano, wala siku ya kubandika na siku ya mkutano hazihesabiwi. Kwa hiyo karani hubandika karatasi siku ya Jumatatu, ili Jumanne, Jumatano na Alhamisi ziwe za watu. Nambari 7 katika orodha yasema: Nyumba ya mikutano, kuifikiria bei ya fundi na kukata shauri.

Siku ya Jumanne mama mmoja mjane atoka dukani, asimama, asoma. Pauni 50 si kitu kidogo kwake. Amweleza jirani yake, mzee aliyekuwa fundi wa mapaa kabla ya kustaafu. Siku ya Ijumaa watu 12 waja na kuketi nyuma ya wajumbe.

Hapa yafaa kueleza jambo ambalo wengi hulikosea. Sheria humpa mwananchi haki ya kuingia na kusikiliza. Haimpi haki ya kusema apendavyo. Lakini halmashauri nyingi hutenga dakika chache kwa maneno ya wenyeji kabla ya kazi kuanza. Katika dakika hizo mama yule auliza: "Je, fundi mwingine ameulizwa bei?" Karani ajibu kwamba barua iliyopokewa ni moja tu. Yule mzee asema amelitazama paa kutoka nje, na kwa maoni yake upande wa kusini ungali mzima. Watu wale 12 hawana kura usiku huo. Kura ni ya wajumbe. Hata hivyo mwenyekiti awatazama wenzake, na wote wakubali kungoja mwezi mmoja ili zipatikane bei tatu. Karani aandika neno hilo katika kumbukumbu, nazo zitatiwa sahihi katika mkutano ujao.

Sasa msomaji na aifikirie Ijumaa hiyo hiyo ikiwa hakuna aliyesoma ubao. Viti vya nyuma ni vitupu. Wajumbe wamechoka, mvua yanyesha, na nambari 7 yafikiwa saa 3 usiku. Mikono 7 yainuliwa, na pauni 20,000 zapitishwa kwa dakika nne. Hakuna aliyeiba, wala sheria haikuvunjwa. Tangazo lilifanya kazi yake. Ni watu ambao hawakufanya yao. Watanung'unika mwezi wa Aprili hati za kodi zitakapofika, lakini manung'uniko ya Aprili hayarudishi shauri lililokwisha kukatwa.

MLANGO ULIOFUNGULIWA

Haki ya kuketi katika viti vile vya nyuma haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1908, baada ya mahakama kusema kwamba halmashauri yaweza kumtoa mwandishi wa gazeti, Bunge lilitunga sheria ya kuwaruhusu waandishi kuingia. Lakini wananchi wenyewe hawakutajwa, na halmashauri nyingine zilipata hila: zilijiita kamati, zikafunga mlango. Mwaka 1960 ilipitishwa sheria iliyowapa watu wote haki ya kuingia katika mikutano ya halmashauri, za parishi pamoja na nyingine. Aliyeipeleka Bungeni ni Margaret Thatcher, mjumbe mgeni aliyechaguliwa mwaka 1959, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Halmashauri yaweza kuwaomba watu watoke wakati wa shauri la siri, kama habari za mtumishi fulani, lakini ni lazima ikate neno hilo hadharani na kutaja sababu. Tangu mwaka 2014 mwananchi aruhusiwa pia kupiga picha na kunasa sauti za mkutano.

Pamoja na ubao kuna gazeti la parishi. Mwaka 1859 John Erskine Clarke, kasisi wa mji wa Derby, alianza kuchapisha gazeti ambalo parishi nyingine ziliweza kulinunua na kuliongezea kurasa za habari zao wenyewe. Desturi hiyo ilienea sana. Hata leo, katika vijiji vingi, gazeti dogo hupelekwa nyumba kwa nyumba na watu wa kujitolea, likiwa na habari za arusi, mazishi, mechi za kriketi, na maneno machache juu ya mkutano uliopita wa halmashauri.

Gazeti hilo sasa lina mzigo mkubwa kuliko zamani. Tangu mwaka 2005 magazeti zaidi ya 200 ya wilaya na miji ya Uingereza yamefungwa. Zamani mwandishi wa gazeti la wilaya aliweza kuketi mkutanoni na daftari lake kwa niaba ya watu wote. Siku hizi, mahali pengi, mwenyeji asipokwenda mwenyewe hapana atakayemwendea.

VITI VITUPU

Hatari kubwa ya parishi leo ni upweke. Mara nyingi watu wanaojitoa kugombea ni wachache kuliko viti. Hapo uchaguzi haufanywi kabisa: waliojitoa huingia bila kupingwa, na viti vilivyobaki wajumbe wenyewe huvijaza kwa kumwita mtu wamtakaye. Jambo hili ni halali, kwa kuwa kazi haiwezi kusimama. Lakini msomaji akumbuke wale matajiri wa zamani waliochaguana wao kwa wao katika chumba cha kanisa. Waliyoyapata kwa kufunga mlango, watu wa leo huyatoa bure kwa kukaa nyumbani.

Dawa ipo, nayo imo katika ubao. Kiti kikiachwa wazi katikati ya kipindi, ni lazima tangazo libandikwe. Wapiga kura 10 wakiandika katika siku 14 za kazi kwamba wataka uchaguzi, utafanywa. Kadhalika wapiga kura 6 waweza kuitisha Mkutano wa Parishi bila kungoja ruhusa ya halmashauri.

Mfano mwema ulionekana huko Upper Eden, nchi ya milima katika jimbo la Cumbria. Parishi 17 zilijiunga kuandika mpango wao wa ujenzi, hasa juu ya nyumba ambazo wenyeji wangeweza kuzipata, chini ya sheria ya mwaka 2011. Mwezi wa Machi 2013 mpango huo ulipigiwa kura na wenyeji, nao ulikuwa wa kwanza wa namna yake katika Uingereza nzima. Kati ya kila watu 10 waliopiga kura, kadiri ya 9 waliukubali. Lakini waliokwenda kupiga kura walikuwa kama thuluthi moja tu ya waliokuwa na haki. Thuluthi mbili waliwaachia majirani zao kuamua mahali zitakapojengwa nyumba za watoto wao.

Basi, uhuru wa kijiji cha Uingereza haukuletwa na hotuba kubwa. Ulijengwa kwa vitu vidogo vilivyoongezwa kimoja kimoja kwa muda wa karne mbili: siku tatu za tangazo, karatasi mlangoni, kura moja kwa kila mtu, saa ya jioni, kiti cha nyuma, daftari lililo wazi. Sheria imekwisha kufanya sehemu yake. Yaliyobaki ni kusimama mbele ya kioo kile na kusoma mpaka nambari ya mwisho.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA

1. Kwa nini sheria ya mwaka 1894 ilikataza Mkutano wa Parishi kuanza kabla ya saa 12 jioni?

2. Mkutano umewekwa siku ya Ijumaa. Karani amebandika tangazo siku ya Jumatano. Je, mkutano huo ni halali? Eleza sababu.

3. Katika mfano wa paa, watu 12 hawakuwa na kura. Walilibadilishaje shauri?

4. Kuna tofauti gani kati ya matajiri waliofunga mlango zamani na watu wasiohudhuria leo? Kuna mfano gani kati yao?

5. Katika mahali unapokaa, habari za mikutano hutangazwa wapi, na ni nani husoma?